Haki ya Kushika Zana: Uanagenzi wa Watu Wenye Ulemavu katika Uwanda wa Kati

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, fikra zetu hukimbilia kwanza ngoma, mavazi, hadithi na michoro ya miambani ya Kolo. Hayo yote ni utamaduni, wala hakuna anayebisha. Lakini utamaduni wa watu umo pia katika namna wanavyofanya kazi, na zaidi katika namna wanavyorithishana kazi hiyo. Kiwanda cha mhunzi, ua wa mfinyanzi na kivuli cha mti anapokaa mshona ngozi ni shule za kale kuliko shule zote tulizo nazo. Mlango wa shule hizo una bawabu wake, naye ni desturi. Desturi ndiyo iamuayo nani aingie awe mwanagenzi, na nani abaki nje akisikiliza mlio wa nyundo.

Makala haya yanahusu wale ambao kwa muda mrefu waliachwa nje ya mlango huo katika uwanda wa kati wa nchi yetu, yaani Dodoma, Singida na majirani zao: wasioona, viziwi, na wenye ulemavu wa viungo. Tutatazama jinsi walivyoingia katika ufundi, kwa njia zipi, kwa msaada wa sheria zipi, na mahali gani safari hiyo imekwama. Jambo hili si la huruma tu, kwa maana taifa lililojengwa juu ya msingi wa kazi hupimwa kwa swali moja jepesi kuuliza na zito kujibu: je, kila mtu wake amepewa nafasi ya kufanya kazi?

Ugogo na shule ya macho

Ugogo ni nchi ya mvua chache. Mvua ya Dodoma ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, tena hunyesha kwa msimu mmoja, kisha nchi hukauka kwa miezi mingi. Katika mazingira hayo watu walijenga tembe, wakafuga ng'ombe, wakalima mtama na uwele, na wakawa na mafundi wao wa chuma, wa ngozi, wa vyungu, na wa vyombo vya muziki kama zeze na marimba ya mkononi.

Mafunzo ya ufundi huo hayakuwa na kitabu. Mtoto alikaa karibu na mzee, akatazama, akatumwa kuleta kuni au kuvuta mivukuto, akatazama tena, na baada ya miaka akaachiwa kushika nyundo. Ilikuwa shule ya macho. Aliyeona alijifunza hata bila kuambiwa neno, lakini asiyeona alihitaji mwalimu aseme, ashike mkono na kueleza, na fundi wa kale hakuzoea kueleza. Kwa kiziwi kutazama kulikuwa rahisi, ila pale fundi alipotaka kutoa sababu ya jambo, kwa nini chuma hiki kipozwe upesi na kile kipozwe polepole, hapakuwa na lugha ya pamoja. Katika muziki tu ndipo sikio lilipokuwa na nguvu kuliko jicho, na asiyeona aliweza kujifunza sawa na wenzake.

Lugha yetu imehifadhi msimamo wa wazee juu ya ulemavu katika methali ijulikanayo na kila mtu: hujafa hujaumbika. Methali hii ina hekima kubwa, kwani humkumbusha mzima kwamba mwili wake ni amana, na kwamba lililompata mwenzake laweza kumpata yeye kesho. Kwa hiyo yakataza dhihaka. Hata hivyo tukiitazama kwa makini tutaona kuwa inaishia hapo. Yamwambia mzima asicheke, lakini haimwambii ampe mwenzake zana. Kati ya kutochekwa na kupewa kazi pana mwendo mrefu, na historia tunayoisimulia ni historia ya mwendo huo.

Yafaa pia tukumbuke kwamba katika uwanda huu upofu ulikuwa na chanzo cha pekee. Trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope, hustawi penye ukame, nzi wengi na maji haba ya kunawia uso. Mtoto huambukizwa mara kwa mara. Kope za ndani hufanya makovu. Mwishowe kope hujikunja na nywele zake hukwaruza mboni mpaka mwanga unazimika. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa ndio walezi wa watoto. Wilaya ya Kongwa ilikuwa na ugonjwa huu kwa kiwango kikubwa hivi kwamba tangu miaka ya 1980 imekuwa mahali pa uchunguzi wa kitaalamu unaojulikana duniani, na yaliyogunduliwa hapo kuhusu faida ya kunawa uso yamesaidia kuunda njia ya kupambana na trakoma inayotumika katika nchi nyingi. Kwa upande wa viungo, polio ilipooza miguu ya watoto wengi kabla ya mpango wa chanjo wa taifa ulioanza mwaka 1975. Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya polio vya asili nchini alionekana mwaka 1996. Hivyo wengi wa waliohitaji mafunzo maalumu walizaliwa wazima, na umaskini wa maji na wa tiba ndio uliowaondolea macho au miguu. Jamii iliyoshindwa kuwakinga ilikuwa na deni kwao.

Mwaka 1950: Kongwa na Buigiri

Mwishoni mwa miaka ya 1940 uwanda wa kati ulishuhudia mradi mkubwa wa kiteknolojia kuliko yote iliyowahi kuletwa na ukoloni katika nchi yetu. Huo ni mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947. Matrekta, mengine yakiwa masalia ya vita, yaliletwa kufyeka pori, vijana wa Kiafrika walifundishwa udereva na umakanika, reli ilisogezwa. Waliopanga mradi hawakuuliza vya kutosha juu ya mvua wala udongo. Ardhi iligeuka ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mashine zikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuigharimu Uingereza takriban pauni milioni 36.

Katika miaka ile ile, na katika uwanda ule ule, pakaanzishwa jambo dogo ambalo halikuandikwa sana magazetini. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma. Ndiyo shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika, nayo ilipewa jina la Wilson Carlile, Mwingereza aliyeanzisha chama cha uinjilisti kiitwacho Church Army mwaka 1882. Mradi wa Kongwa ulikuwa na mamilioni ya fedha, ukafa. Shule ya Buigiri ilikuwa na vibao vya kuandikia na walimu wachache, nayo ingali hai hata leo. Tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Kongwa ilileta mashine ikamtaka mtu na nchi vizifuate. Buigiri ilianza na mtu, ikamtafutia chombo kinachomfaa.

Chombo chenyewe kilikuwa nukta nundu, na historia yake yafaa kusimuliwa hapa kwa kuwa ilizaliwa katika karakana. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, alikuwa mtoto wa fundi wa ngozi aliyetengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka mitatu hivi alijidunga jichoni kwa zana ya baba yake, na kwa uvimbe uliofuata akapoteza macho yote mawili. Alipokuwa kijana alibuni maandishi ya nukta sita zinazotuna juu ya karatasi, akayachapisha mwaka 1829. Kwa kupanga nukta sita hizo kwa kila namna iwezekanayo hupatikana alama 63, zinazotosha herufi, tarakimu, vituo, na hata noti za muziki. Nukta hizo hutobolewa kwa ncha ya chuma kama ile ya mshona ngozi. Zana iliyompofusha mtoto ilirudi ikawa kalamu yake.

Kiswahili kilipokea maandishi haya bila taabu, kwani lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa. Mwanafunzi alibana karatasi katikati ya kibao cha chuma chenye vijidirisha, akatoboa nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, ili akigeuza karatasi asome kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi hiyo yataka akili ishike sura mbili za kila herufi. Baadaye zikaja mashine za vibonye sita, ambazo herufi nzima hupigwa kwa mara moja. Mashine iliyoenea zaidi, iitwayo Perkins, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, nayo ilibuniwa na David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya wasioona. Mara nyingine tena jibu lilitoka kwa mtu wa karakana aliyekaa karibu na wanafunzi wake.

Hivyo mtoto wa Buigiri aliyejifunza kutumia kibao na mashine alikuwa mwanagenzi wa teknolojia kabla ya neno hilo kuzoeleka kwetu. Aliingia katika ufundi kwa ncha za vidole, na kutoka hapo njia ya ualimu na ya kazi za ofisini ikafunguka. Wengi wa wasioona waliokuja kuwa walimu wa taifa hili walianzia katika madarasa ya namna hiyo.

Uhuru, Azimio na neno "kusamehewa"

Baada ya Uhuru mwaka 1961 shule maalumu ziliongezeka. Shule ya Furaha kwa wasioona ilianzishwa Tabora mwaka 1962, na shule ya viziwi katika mji huo huo mwaka 1963. Mwaka 1966 shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, ilianza kuwafundisha wasioona pamoja na wanaoona katika shule moja. Mwaka 1962 Rais Julius Nyerere alikuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Wakati ulikuwa wa matumaini, na wimbo wa siku zile ulikuwa kazi.

Kisha likaja Azimio la Arusha, mwezi Februari mwaka 1967. Azimio lilifundisha kwamba katika nchi ya ujamaa kila awezaye kufanya kazi hufanya kazi, wala hapana anayeishi kwa jasho la mwingine. Likataja pia wale ambao hawalaumiwi kwa kutofanya kazi: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, wenye ulemavu, na wale ambao dola haijaweza kuwapatia kazi kwa wakati fulani. Nia ya maneno hayo ilikuwa njema. Yaliwekwa ili asiyejiweza asiitwe mnyonyaji, na ili jamii ijue wajibu wa kumtunza. Ilikuwa kinga.

Lakini kinga yaweza kuwa ukuta. Mwenye ulemavu aliyesoma orodha hiyo alijikuta amewekwa pamoja na mtoto na mkongwe, kana kwamba kutoona, kutosikia au kutotembea ni sawa na kutojiweza. Kwa taifa lililoufanya uraia kuwa kazi, kusamehewa kazi kulikuwa karibu sana na kusahauliwa. Kijana aliyetoka Buigiri akijua kusoma, kuandika na kuhesabu hakuomba msamaha huo. Aliomba mahali pa kazi. Naona kuwa hapa ndipo penye kiini cha historia yetu: madai ya watu wenye ulemavu kwa miaka iliyofuata yalikuwa, kwa sehemu kubwa, madai ya kutoka katika orodha ya waliosamehewa na kuingia katika orodha ya wanaotegemewa.

Lugha nayo ilifuata mwendo huo. Maneno ya zamani, kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, yote yamo katika ngeli ya ki-vi, ngeli ya kiti na kijiko. Ni kweli kwamba kijana, kiongozi na kinyozi wamo humo pia, na kwamba sarufi humrudishia kipofu utu wake tusemapo "kipofu amefika" wala si "kipofu kimefika". Kwa hiyo ngeli pekee si tusi. Hata hivyo wahusika wenyewe walichoka kuitwa kwa kasoro zao. Kilema akawa mlemavu, akaingia ngeli ya watu. Kipofu akawa asiyeona. Na baadaye tukasema mtu mwenye ulemavu, ambapo mtu hutangulia na ulemavu hufuata. Viziwi kwa upande wao walilishika neno kiziwi kwa fahari, wakaliweka katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania, kwa sababu waliona kuwa wao ni watu wenye lugha yao.

Vyuo na sheria

Katika miaka ya 1970 Serikali ilianza kujenga njia ya ufundi. Chuo cha ufundi na marekebisho cha Yombo, Dar es Salaam, kilipokea vijana wenye ulemavu kutoka mikoa yote. Vyuo vingine vya namna hiyo vilikuwako Mtapika huko Masasi, Mirongo huko Mwanza, Luanzari huko Tabora, Masiwani huko Tanga, na katika uwanda wetu wa kati, Sabasaba mjini Singida. Fani zake zilikuwa zile zenye soko vijijini na mijini: useremala, ushonaji wa nguo, utengenezaji wa viatu, kazi za chuma.

Mafunzo hayo yalihitaji ubunifu mdogo mdogo ambao kwa macho ya mpitanjia hauonekani. Cherehani ya miguu, kwa mfano, haimfai aliyepooza miguu. Lakini ikiwekewa mpini wa kuzungushia kwa mkono, au mota, fundi hushona kama mwingine yeyote. Seremala asiyeona hupima kwa kijiti kilichochongwa alama za kupapasa. Kiziwi katika karakana ya mashine haelemewi na kelele, ila yafaa awekewe taa ya kumwonya mahali ambapo wengine huonywa kwa kengele. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililohitaji fedha nyingi. Yalihitaji mtu wa kuuliza: kazi hii ina hatua gani, na ni hatua ipi hasa inayomshinda mwanagenzi huyu? Mara nyingi ilikuwa hatua moja tu, nayo kazi nzima ilikuwa imenyimwa kwa ajili yake.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka huo huo chuo cha mafundi wa viungo bandia kilianzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, nacho kikawa mahali pa kufundishia wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1982 Bunge letu likapitisha sheria mbili. Moja ilihusu matunzo ya watu wenye ulemavu, na ya pili ilihusu ajira zao. Hii ya pili iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Tuzipime sheria hizi kwa kipimo cha Azimio. Sheria ya matunzo iliendeleza wazo la kinga. Sheria ya ajira ilivunja ukuta, kwani kwa mara ya kwanza taifa lilisema kwa kauli ya kisheria kwamba mwenye ulemavu anatazamiwa kuwa mfanyakazi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984 yakaimarisha msingi huo kwa kuingiza haki za binadamu, ikiwamo haki ya kila mtu kufanya kazi.

Hata hivyo tuhesabu kidogo. Mwajiri mwenye watu 50 alitakiwa kuajiri mtu mmoja. Mwenye watu 100, wawili. Katika uwanda wa kati waajiri wa ukubwa huo walikuwa wachache: reli, halmashauri, mashirika ya umma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa mwaka 1973 baada ya Dodoma kuchaguliwa kuwa makao makuu. Kazi nyingi za ufundi zilikuwa kwa mafundi wadogo wa mitaani, na hao hawakuguswa na sheria. Sheria ilifungua mlango wa ofisi, lakini ua wa fundi ulibaki chini ya bawabu wa zamani.

Somo la simu

Kati ya kazi za ofisini zilizowapokea wasioona, upokezi wa simu ulikuwa na sifa ya pekee, hapa kwetu na katika nchi nyingine. Historia yake ina funzo lisilopaswa kupotea.

Katika mitambo ya zamani kila njia ya simu ilikuwa na kijilango kidogo cha chuma, ambacho kilianguka kwa mlio mtu alipopiga. Asiyeona alisikia mlio, akapapasa, akachomeka waya mahali pake, na kwa kuwa alizoea kukumbuka mambo bila kuyaandika, aliweza kushika namba nyingi kichwani. Hakuhitaji huruma ya mtu; mtambo wenyewe ulimfaa. Kisha ikaja mitambo ya taa. Vijilango vikaondolewa, taa zikawaka kimya kimya, na mpokea simu asiyeona akahitaji kifaa cha nyongeza cha kumwambia kwa kidole au kwa sikio kile ambacho taa ilimwambia mwingine. Mwishowe ikaja mitambo ya kujiendesha na simu za mkononi, na kazi yenyewe ikapungua mpaka kukaribia kutoweka.

Teknolojia, basi, hufungua mlango na huweza kuufunga bila kukusudia. Anayefundishwa mashine moja tu huzeeka pamoja na mashine hiyo. Kwa hiyo uanagenzi ulio bora ni ule umfundishao mtu namna ya kujifunza chombo kipya, na umpao nafasi ya kurudi shuleni kila chombo kinapobadilika. Neno hili ni kweli kwa mafundi wote, lakini kwa mwenye ulemavu ni kweli mara mbili, kwa kuwa akipoteza kazi moja hapati nyingine kwa wepesi.

Kutoka vyuo maalumu hadi karakana ya wote

Miaka ya mwisho wa karne iliyopita ilileta mabadiliko ya uchumi, na viwanda vingi vya umma vilifungwa au kuuzwa. Baadhi ya vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu vilidhoofika, vingine vikasimama kwa miaka kadhaa. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ijulikanayo kama VETA, ambayo chuo chake kimo Dodoma pia. Fikra ikaanza kugeuka: je, mwanagenzi mwenye ulemavu atengwe katika chuo chake, au aingie chuo cha wote?

Mwaka 2004 ilitolewa sera ya taifa, mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikapitishwa sheria mpya iliyozifuta zile za mwaka 1982. Sheria hii inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa mafunzo ya uanagenzi, unaounganisha darasa na mahali pa kazi. Tangu mwaka 2018 halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na kati ya hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Kwa njia hiyo ua wa fundi mdogo, ambao sheria ya mwaka 1982 haikuufikia, umeanza kufikiwa kwa mlango wa mtaji.

Jirani na uwanda wetu, mjini Iringa, Dayosisi ya Ruaha ilianzisha mwaka 2003 karakana ya Neema Crafts, iliyoanza na vijana viziwi wachache na ambayo imefundisha ufumaji, utengenezaji wa karatasi na kazi nyingine nyingi za mikono. Hapo tunaona jambo la maana: aliyefundishwa huwa mwalimu. Kiziwi humfundisha kiziwi kwa lugha yao wenyewe, na yale maelezo ya sababu, ambayo fundi wa kale hakuweza kuyatoa, sasa yana lugha.

Kompyuta nayo imeleta mlango mwingine. Programu zinazosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo humwezesha asiyeona kuandika barua, kufanya hesabu na hata kutunga programu nyingine. Moja ya hizo, NVDA, ambayo hutolewa bure, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni. Tangu Braille mpaka vijana hao uzi ni mmoja: chombo kilicho bora hutengenezwa na anayekihitaji, au na fundi aliye tayari kukaa naye na kumsikiliza. Kwa hiyo kumzuia mwenye ulemavu asiingie katika ufundi ni hasara maradufu. Tunampoteza mfanyakazi, na tunapoteza vyombo ambavyo yeye pekee angevibuni.

Tamati

Tumeona safari ya namna tatu. Katika hatua ya kwanza jamii ilimkataza mzima asimcheke mwenye ulemavu. Katika hatua ya pili taifa lilimsamehe kazi na kuahidi kumtunza, likamjengea shule na vyuo vya pekee. Katika hatua ya tatu sheria ilimtambua kuwa mfanyakazi kama wengine. Hatua ya nne haijakamilika, nayo ni kumpokea katika uanagenzi wa kila siku: gereji, karakana za umeme, ofisi za kompyuta, na majengo yanayoinuka.

Hatuna budi kuitazama Dodoma kwa jicho hilo. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Rais Nyerere alifyatua matofali pamoja na wanakijiji wa Chamwino, ili kuonyesha kwamba hakuna mikono iliyo bora mno kwa kazi hiyo. Tangu mwaka 2016 Serikali imehamia Dodoma. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa mwezi Mei mwaka 2023. Na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Kazi hizi kubwa zimefanyika na zinaendelea kufanyika katika nchi ile ile yenye shule ya Buigiri, ambayo imo katika wilaya hiyo hiyo ya Chamwino. Kongwa ilitufunza kwamba mradi usioanza na watu wa mahali hufa. Kila mkataba wa ujenzi, wa umeme au wa mitambo ya mawasiliano unaotiwa saini katika makao makuu yetu waweza kuwa na nafasi za wanagenzi, na miongoni mwao wenye ulemavu, wakitajwa kwa idadi na kwa fani, pamoja na marekebisho madogo ya zana watakayohitaji.

Wazee walitwambia hujafa hujaumbika, wakatukataza dhihaka. Kizazi chetu chatakiwa kuongeza neno juu ya hekima hiyo, na neno lenyewe lisemwe na fundi mlangoni mwa karakana yake: karibu, shika hapa, nikuonyeshe. Na kama mwanagenzi haoni, fundi amshike mkono na kumweleza.